Muhuri wa Mwanasesere

Chumba namba kumi na nne, Springfield, Massachusetts,
theluji imelifunika dirisha hadi kiunoni.
Namvisha soksi Bwana Pruszynski,
naye, kama kila Jumanne, ananisimulia bunduki.

"Ilivunjika matopeni," anasema. "Kishikio kilipasuka
nusu mbili, kama ganda la karanga,
na ndani, Mwanaidi, ndani kule kusikofika jua,
muhuri: mwanasesere amesimama, mkono juu.
Kiwanda cha vichezeo! Cha huku huku, ng'ambo ya mto!"

Uliuona kwa macho yako?
"Delmar aliuona."
Delmar yuko wapi?
Anaitazama soksi.

Lisemwalo lipo, walituambia kwetu,
na kama halipo, li nyuma laja.
Huku nimelikuta limeshafika, limevua koti,
limeagiza bia katika kila baa:
huyu mtutu wake ulichongwa na mafundi wa cherehani,
yule, na watu wa santuri,
na mmoja mwenye jicho la kioo ananiapia
ni kiwanda cha peremende,
kwamba risasi ya kwanza ilinukia mnanaa.
Hakuna aliyeona. Kila mmoja ana Delmar wake.

Chumba namba tisa yumo Bi Lorraine Thibodeau,
miaka thelathini na mmoja kwenye mashine ya plastiki
kiwanda hicho hicho.
Vidole vyake havijui kustaafu:
ukimpa kijiko anakipapasa ukingoni
akitafuta ule uzi mwembamba unaobaki
pale nusu mbili za kalibu zinapokutana.
"Tulitengeneza mikono," aliniambia.
"Ya kushoto asubuhi, ya kulia baada ya chakula.
Tulilipwa kwa kila mia."
Lakini kipupwe kimoja
ililetwa kalibu imefunikwa turubai,
mashine namba saba ikazungushiwa pazia,
wanaume wa tai wakasimama wiki mbili wakitumalizia kahawa.
Vilivyotoka vilikuwa vyeusi, vina mbavu, vina matundu.
"Wakasema ni vya mashine za kufagilia mazulia."
Mkaamini?
"Mazulia," akasema, "yalikuwa mengi Marekani."

Kosa ni langu. Niliwaketisha meza moja siku ya bingo.

Mzee akaanzia matopeni, kama kawaida yake.
Bi Lorraine akamsikiliza mpaka kwenye muhuri,
kisha akalaza kadi.
"Si sisi."
"Ni nyinyi."
"Mwanasesere wetu hakuwa na mkono wa kuinua.
Mikono ilitiwa baadaye, ghorofani, na Bernadette."
"Ni nyinyi, mama. Semeni tu ni nyinyi."

Zikaitwa namba tatu, hakuna aliyeweka alama.
Halafu akasema, si kwake, si kwangu,
akiiambia kadi yenye miraba:

"Nilitaka iwe ya kuchezea.
Ingekuwa ya kuchezea, wale
wangeinuka jioni mama zao wakiita chakula,
wakajipangusa vumbi magotini,
na Delmar nyuma yao, analalamika
kwamba leo amekufa mara mbili na zamu haikuwa yake."

Mimi nikakumbuka Handeni, bunduki zetu za mgomba,
vile vilimi vikilia ta-ta-ta-ta viganjani,
na Shabani akilala chini kwa uaminifu,
akihesabu hadi kumi kabla ya kufufuka.
Hakuwahi kuiba hata hesabu moja.

Nilidhani Bi Lorraine atainuka aondoke.
Aliuvuta mkono wa mzee juu ya meza,
akaugeuza, akapitisha kidole gumba
kwenye ukingo wa kifundo, polepole,
kama anavyokipapasa kijiko,
akitafuta mahali pa kuungana.

"Huu wa kushoto," akasema.
"Huu ni wa asubuhi."