Mahali Penye Hewa

Chumba chetu hakina dirisha.
Ghorofa ya chini kabisa, nyuma ya soko la Owino,
kina kioo, kina feni inayozungusha harufu ileile,
kina meza nne: yangu, ya Letebrhan, ya Hawa wa Juba,
na ya Irakoze, ambaye hazungumzi asubuhi.

Mimi ni Nsimire. Bukavu nilifundisha watoto kusoma.
Hapa nasoma rangi:
nyekundu ya bibi harusi,
nyekundu ya aliyegombana na mumewe,
na ile ya maziwa, wanayoililia wanafunzi wa Makerere muhula huu.

Dawa ya kucha za bandia huja kwa dumu la lita tano,
Kichina juu, Kiingereza chini, herufi kama mchwa.
Bosi wetu Nakimuli huigawa katika chupa za maji ya kunywa,
na chupa ya maji imeandikwa maji.

Kuuliza si ujinga, tuliambiwa utotoni.
Sawa. Uulize kwa lugha gani?
Niliuliza kwa Kiswahili, akakunja uso:
Kiswahili kwake ni cha askari
waliovunja mlango wa baba yake, mwaka asioutaja.
Niliuliza kwa Kifaransa, akacheka.
Nikashika koo, nikakohoa kwa makusudi.
Akaniletea chai ya tangawizi.
Si mwanamke mbaya. Ndiyo taabu yenyewe.

Mwezi wa tatu vidole vya Irakoze vikabanduka
kama ganda la kitunguu.
Mwezi wa nne niliunguza maharage mpaka yakawa makaa,
nimesimama palepale na mwiko mkononi,
sikunusa kitu.
Na Hawa ana mimba ya miezi mitano.
Hilo halikuhitaji mkalimani.

Siku umeme ulipokatika tuliligeuza dumu
chini ya tochi ya simu.
Letebrhan, mwenye Kiingereza cha kambini,
akampa Hawa neno kwa neno, kwa Kiarabu cha kuokota.
Hawa akanipa mimi, kwa Kiswahili cha Koboko.
Nami nikampa Irakoze.
Sentensi moja, kama ndoo inayokimbizwa motoni,
kila mkono ukimwaga kidogo.
Iliyobaki ilikuwa hii:
Fanya kazi mahali penye hewa.

Tukazitazama kuta.
Irakoze alicheka mpaka kikohozi kikamkata.

Hatukugoma. Siandiki ushujaa ambao haukuwepo;
kodi ya Ndejje haingoji tarehe sita.
Tulivuta meza mbili tu hadi koridoni,
mbele ya muuza magauni ya kipaimara,
na yeye ndiye aliyepiga kelele,
kwa Kiganda kilichonyooka:
Nguo zangu zitanuka!
Wiki hiyohiyo fundi akaja na tindo.

Basi tuna tundu, upana wa sahani ya wali,
tulilojaliwa kwa ajili ya magauni.
Hawa huketi chini yake. Hatukupiga kura.

Na juu ya kila chupa, kwa rangi ya kucha,
ile isiyofutika ila kwa dawa,
nimeandika kwa mwandiko wa ubaoni, wa darasa la tatu:
SI MAJI.
Letebrhan ameongeza herufi zake, Hawa zake.
Irakoze amechora mdomo, akaukata kwa mstari.

Nakimuli aliinua chupa moja, akaielekeza kwenye mwanga.
Hiki nini?
Nikayatafuta maneno yake, nikayapata mawili:
Si mazzi.
Akanyamaza. Akafuata herufi kwa ukucha,
polepole, kama wale watoto wangu:
Si ma-ji.

Mteja akaingia, akaweka mikono mezani,
akataka ile ya maziwa.