Penye Sukari

Bibi akisema, kopo likiachwa wazi:
penye sukari chungu hawaalikwi.
Alisema hivyo jikoni kwetu Ruwi, ghorofa ya tatu,
na kweli wakaja, uzi mwembamba
kutoka ufa wa dirisha hadi mdomo wa kopo.

Sasa nalipwa kwa kuwaalika.
Karatasi mia na ishirini, kila moja na namba yake,
asali tone moja, jodari wa kopo ncha ya kidole.
Kharifu imefunga Jabali Qara, ukungu unalamba miwani.
Dokta Muzna kasema: weka, ngoja dakika arobaini, andika.

Bonde la magharibi, wapo.
Wekundu, wana hasira za bure,
wameshona majani ya mtini kwa uzi wa watoto wao.
Bonde la mashariki, wapo.
Ushahidi ninao shingoni, umevimba.
Bonde la kati,
ukungu uleule, mtini uleule, tope lileile viatuni,
sifuri.
Sifuri.
Nzi mmoja, kala, kaondoka.
Sifuri.

Dokta anataka sababu.
Baridi? Kipimajoto kimekana.
Chungu weusi waliowatangulia? Weusi nao hawapo.
Dawa? Dawa ya nini, na shamba halipo?
Na malkia ana mbawa, kinamzuia nini?
Nikalamba kidole changu: asali.
Uchungu wote ulibaki kwenye neno.

Siku ya tatu Mabkhut, mwenye ngamia,
aliyekuwa akitutazama kama watu waliopoteza pete,
akanyoosha fimbo. Juu, si chini.
"Angalieni mti na mwenziwe."
Tukaangalia. Miti imesimama kama ndugu waliogombea urithi,
kila mmoja na kivuli chake,
na chini ya kimo cha shingo ya ngamia
hapana hata kijiti.
"Baba alikuwa nao kumi na wanane. Mimi mia na sita.
Wanapapenda hapa, pana maji."
Hakuona haya, hakujisifu. Alihesabu tu, kama mimi.

Huyu chungu hapendi kushuka.
Barabara yake ni jani kugusa jani.
Dokta akaandika: *yawezekana*,
akatia alama ya kuuliza, akaikoleza mara mbili.

Usiku, Salala, nikampigia mwanangu.
Nikamwuliza, umekula nini, mama?
Akanijibu kwa Kiarabu, kwa adabu, kwa kirefu,
wali na papa na mtihani wa hesabu.
Hakuna aliyemkataza Kiswahili.
Zamani akirudi shule alimkuta bibi jikoni.
Sasa anakuta friji, na ujumbe wangu juu yake.

Kesho narudi bonde la kati
na karatasi moja ya ziada, haina namba,
haimo kwenye daftari la Dokta.
Nitaimwagia sukari, kijiko kizima, kama kopo lililosahauliwa,
nami nitachuchumaa pembeni
zaidi ya dakika arobaini.