Haijui ila Nusu

Morisi aliyoniachia baba,
geji yake haijui kusema ila nusu.
Nusu tukitoka Wete, tangi linafurika;
nusu siku ile ilipotuzimikia mlimani,
Raya viatu mkononi,
harusi ya watu ikitungoja Konde.

Fundi Mbarouk akasema, "Ng'oa, tia nyingine."
Nikakata kijiti cha mkarafuu,
nikakichanja kwa kisu, kutoka chini:
usithubutu,
Konde,
Chake,
Mkoani kwenda na kurudi.

Kila alfajiri nachovya,
nasoma unyevu mbiombio kabla haujakauka.
Mshale nimeuacha, haumdhuru mtu.

Raya akiniuliza mapenzi yamebaki kiasi gani,
namwonyesha geji.
Hucheka.
Kisha hunyoosha mkono:
"Lete kijiti."