Bipu Mbili

Kompyuta niliinunua kwa mawese ya mama,
madumu kumi na manane, na deni kwa shangazi Andasiye.
Herufi J imeng'oka. Nikitaka kuandika "njia"
nabonyeza kipira cheupe kilichobaki,
kama fizi.

Nilianza na ramani.
Saa kumi alfajiri nikafuatana na Mwavita na ndoo zake,
tukashuka kutoka Gungu hadi Kibirizi, kwenye dagaa.
Hapa taa imekufa. Hapa magugu yamepita kimo.
Hapa vijana wa bodaboda hutupa maneno
ambayo Mwavita huyajibu kwa kikohozi.
Kila mahali nikatia nukta nyekundu.
Nyumba zote nikazipaka kijani.
Kulipokucha, skrini ilikuwa imeota surua.

Kitufe nikakiweka katikati, kikubwa:
ukikigusa, watu watano wanajua ulipo.
Nikakipeleka mwaloni kwa fahari ya mwenye harusi.
Feza akakigusa mara sita
kwa kidole chenye magamba ya mgebuka.
Simu ikanyamaza kama shahidi aliyehongwa.
"Mwanangu," akasema, akijipangusa,
"mimi nina kitochi. Na hilo bando
nilinunue kwa dagaa gani?"
Mwavita akasema, "Yangu ina kioo.
Ila nywila anaijua baba Hamduni, siyo mimi."

Nikarudi nyumbani nikafuta wiki saba za kazi.
Nilichelewa kuuliza
vidole vyao vinajua nini tayari.

Vinajua kubipu.

Basi ikawa bipu: mbili, mfululizo, namba moja,
bila salio, bila kioo, hata gizani chini ya mto.
Mashine inapokea, inakata,
inawapigia watano uliowaandikisha
kwa sauti ya Feza, tuliyoirekodi ndani ya blanketi
ili jogoo wa jirani asiingie:
"Mwenzenu anaita. Nendeni."
Jogoo aliingia vilevile.
Tulimwacha.

Tulikuwa tunangoja alfajiri itujaribu.
Ikaja Jumatano, saa tatu usiku,
saa ambayo hakuna ndoo njiani,
na namba iliyobipu ilikuwa ya Bukuru,
pacha wangu, aliyenitangulia kutoka tumboni,
ambaye nilimsajili kwenye orodha ya waitikaji.
Yeye, wa kuokolewa? Mwenye mume fundi,
sebule ya marumaru, pazia mbili kila dirisha?

Nikasema: kosa.
Nikafungua msimbo, nikasoma mstari kwa mstari,
nikitafuta mahali nilipokosea.
Bipu mbili.
Nikasoma tena.
Bipu mbili.

Nilipofika Katubuka mlango ulikuwa wazi.
Mwavita alikuwa na mfuniko wa sufuria na mwiko,
mtaa mzima umeshaamka kwa ajili yake.
Feza, kandambili za mwanawe miguuni,
alikuwa amekaa kwenye kochi bila kukaribishwa.
Shemeji alikuwa anaeleza, kwa upole,
kwamba haya ni mambo ya ndani.
"Ndiyo maana tumeingia ndani," Feza akamjibu,
akasogea kidogo, kochi likalia.

Bukuru alikuwa anakunywa maji.
Bilauri iligonga meno.
Aliniambia jambo moja tu usiku ule:
"Niliogopa labda nabipu vibaya."

Sasa analala chumbani kwangu, upande wa ukutani,
kama zamani. Ramani bado iko wazi mezani.
Ile rangi ya kijani nimeiondoa,
na sijapata ya kuweka.

Mashine ina daftari lake, haijui aibu.
Imeandika: Feza, sekunde tisa.
Mwavita, sekunde kumi na moja.
Butoyi, dakika nne na nusu.
Nina uwezo wa kuufuta mstari huo.
Sijaufuta.