Inchi Tatu za Mvule

Wiki tatu tuliulaza chini ya turubai,
ubao wa mvule, unene inchi tatu,
mzito hata Kitheka, abebaye simiti mifuko miwili,
aliinua ncha moja akasema: huu una watu ndani.

Aliyeuagiza ni Guracha, mwenye bucha kule Burma.
Anataka gogo la kukatia nyama,
si lile la mti laini linalochubuka
likampa mteja supu yenye vijiti.
"Nipe," alisema, "kitu kitakachozeeka baada yangu."

Mvule ni mti wenye kinyongo.
Hunywa maji ya ardhini, chokaa ikabaki,
ikaganda jiwe, jiwe likalala kwenye nyuzi.
Wewe huoni. Utaonyeshwa na meno ya msumeno.
Basi niligonga kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri,
sikio karibu, kama nabisha hodi kwa mgonjwa,
nikatia chaki pale paliponijibu vibaya.

Msumeno tuliupandisha nusu tu juu ya meza.
Ubao mnene haukatwi kwa pupa:
nusu upande huu, uugeuze, nusu upande ule,
mikato miwili ikutane katikati, gizani,
na ikipishana hata unywele
kosa ni langu, si la mti.

Nikasimama kando ya njia yake, si nyuma.
Hilo nilifunzwa na tundu la ukutani
tuliloliziba kwa kadibodi:
ubao uliorushwa mwaka nilipoanza kazi,
fundi akiwa ameinama, kwa bahati yake,
anafunga kamba ya kiatu.

Nikawasha.
Sauti ya kwanza nyembamba, chuma peke yake.
Mti ukaingia, sauti ikashuka
hadi nikaisikia kwenye mbavu.
Unga wa kahawia ukaruka, harufu ya pilipili manga,
macho yakalia bila msiba.
Ukikawia, unaungua. Ukilazimisha, unakubana.
Kitheka, upande wa pili, anapokea,
anachomeka kabari nyuma ya meno
mpasuko usije ukafumba mdomo.

Theluthi mbili ya safari, stima ikapotea.

Msumeno haukukoma palepale.
Ulizunguka bado, kwa mazoea,
ukapunguza, ukahesabu meno yake mojamoja,
ukasimama ndani ya mti.
Hapo ndipo tuliposikia Kariobangi:
mgonga sufuria akiendelea kugonga, yeye hana deni na stima,
kuku wa mtu,
mtoto anakariri jedwali la saba
akikosea palepale, hamsini na nne, hamsini na nne.

"Swichi," Kitheka akasema, bila kupaza.
Mkono wangu ulikuwa bado juu ya ubao,
kidole gumba shubiri moja na chuma kilicholala.
Kilicholala, si kilichokufa.
Nikazima. Kisha nikabonyeza tena palipozimwa,
kama mtu anayejaribu kufuli la mlango wake mara tatu.

Baada ya saa nzima redio ya jirani ilizinduka
katikati ya tangazo la mbolea.
Tukatazamana, mimi na Kitheka.
Tukanywa chai kwanza.

Tulipoupasua ubao wote tukaiona alama:
pale meno yaliposimama yakiwa moto,
upinde mweusi, mwembamba kama unyusi.
Randa haikuufuta. Msasa nao ukachoka.

Guracha alipokuja aliupapasa.
"Na hii?"
Ulimi wangu ulikuwa tayari na uongo,
kwamba mvule huwa hivyo, ni nyuzi tu.
"Stima ilipotea," nikasema.
Akapunguza mia tano, akabeba gogo lake.

Jumamosi nilipita Burma kununua matumbo.
Shoka likapanda, likashuka.
Sikuitazama nyama. Niliutazama mkono wake wa kushoto,
umetulia nyuma ya ule unyusi mweusi.
Akaniona naangalia.
"Hapa," akasema, "ndipo mkono wangu hukomea."