Simba wa Tatu

Baada ya misa ya pili, Mburahati,
tunamwaga vikapu juu ya meza ya plastiki:
mimi, Katekista Bonaventura, na Leokadia mwenye kalamu.
Tunahesabu kwa wanyama, ndiyo desturi yetu:
vifaru huku, swala kule, nyati wachache,
simba wa mia mbili, wawili wawili.

Kisha akaanguka mmoja peke yake.

Mwembamba, mweusi kama kucha iliyobanwa na mlango,
kasimama kwa miguu miwili, ulimi nje,
taji kichwani, mkia umepasuka ncha mbili.
"Huyu si wa Mikumi," akasema Leokadia.
Nikamgeuza. Nyuma yake mtakatifu
ambaye vidole vya watu vimemla uso;
umebaki ufunguo mkononi, na duara la nuru,
na maandishi yanayozunguka ukingo
kama siafu waliopoteza njia.

Jumatatu nikaipeleka kwa sonara, Kisutu.
Mzee Vrajlal aliisugua kwa jivu na ndimu,
akaidondosha juu ya kioo, akasikiliza.
"Fedha," akasema.
Najua ni fedha, nikamjibu, imetoka kwenye sadaka.
"Hapana, mama. Zile za kikapuni ni fedha kwa jina.
Hii ni fedha yenyewe. Miaka mia sita, labda zaidi.
Mfalme wake kafa, mji wake siujui.
Gramu tatu. Nikiyeyusha, hereni moja."

Hereni moja! Nilicheka.
Ndipo akanionyesha tundu
juu kidogo ya nuru ya mtakatifu,
limetobolewa kwa msumari, si kwa mashine,
na ndani yake kipande cha uzi mweusi
kilichokatwa kwa mkasi.
Nikakinusa.
Poda ya mtoto.

Sikuuza.
Leokadia aliandika daftarini: *simba mmoja, thamani haijulikani.*
Katekista akataka kujua tumweke fungu lipi,
zaka, shukrani, au misa za marehemu,
na hakuna aliyemjibu,
maana uzi haukusema
kama shingo ile imepona
au imeacha kuhitaji.

Jumapili iliyofuata mahubiri yalinipita.
Nilikuwa benchi la nyuma kabisa,
penye akina mama wenye vichanga,
nahesabu shingo.