Hakuna Mtu Jukwaani

Asubuhi ni jukwaa, mchana ni kompyuta.
Katikati pana mteremko wa mawe
na pimbi wanaota jua kama wahadhiri wasio na kipindi.
Nauteremka mbio, rangi ya usoni haijatoka vizuri,
naingia darasa la pili nikiwa bado kikongwe.

Baba aliuliza mara moja tu, kwa simu, akiwa Magu:
"Sasa hiyo shahada ni ya kichwa au ya miguu?"
Nikamwambia vyote viwili. Akanyamaza.
Kisha akasema ng'ombe aliyemuuza alikuwa mmoja.

Muhula huu nina kazi moja ya masomo mawili:
kamera juu ya jukwaa, programu nyuma ya kamera,
na mimi mbele yake, nimekuwa shangazi yangu Holo
anayeanika dagaa kwenye mawe ya Igombe.
Nikiinua mkono, ziwa linapanda ukutani.
Nikiinama, maji yanarudi.
Kwa mashine mimi ni nukta kumi na saba
zilizoungwa kwa vijiti, kama mtu aliyechorwa na mtoto kwa mkaa.
Bujiku, ninayeandika naye programu,
alishangilia hadi akamwaga chai kwenye daftari.

Shida ni pale shangazi anaposimama.

Maana wingu likijichora upande wa Ukerewe
wengine hukimbia, huitana, hukunja nyavu.
Yeye husimama na ungo mkononi
akipima: mvua hii ni yetu, au inapita kwenda kwa wenzetu?
Akikosea, ni ada yangu inayolowa.
Sijaona mtu mwenye shughuli nyingi kama yeye
katika dakika ile asiyofanya lolote.

Wiki tatu nimejifunza kusimama hivyo.
Mwalimu Nyanjige alinizunguka kama fundi anayekagua ukuta:
"Goti linasema uongo. Anza tena."
"Sasa unangoja makofi. Anza tena."
Juzi hakusema kitu. Alivua miwani.

Na juzi hiyohiyo, nyuma yangu, ziwa likazimika.
Yakatokea maneno niliyoyaandika mwenyewe
usiku mmoja wa haraka, nikitaka kulala:
HAKUNA MTU JUKWAANI.

Nilicheka. Halafu nikakosa usingizi.

Nikaifungua programu, mstari kwa mstari,
kama anayechambua dagaa, changarawe huku, samaki huku,
hadi nikaufikia mstari wenyewe. Wangu.
Nilikuwa nimeiambia: asiyesogea zaidi ya hapa, mhesabu hayupo.
Kizingiti, ndivyo nilivyokiita.
Na kweli: nilimjengea shangazi mlango
kisha nikamwacha nje.

Kati ya kuiga na kuigiza pana mizani moja tu.
Mashine inaiga vizuri kuniliko.
Hiyo mizani iliyobaki, nadhani, ni pumzi,
na pumzi haisogezi kiwiko.

Nikakishusha kizingiti. Bujiku akaonya:
ukishusha hivyo itasoma kila kinachotikisika.
Ikasoma. Jana pazia lilikuwa mtu.
Wadudu wa ziwani waliingia dirishani kama moshi
wakawa wanakijiji arobaini
ambao hatukuwapa maneno ya kusema.
Tumewaacha. Igombe hakuna aliyewahi kusimama peke yake.

Leo nimesimama tena na ungo.
Ziwa halikuzimika. Lilipanda kidogo, likashuka,
kadiri ya kifua changu,
na Mwalimu akaandika kitu ambacho hakutuonyesha.

Shangazi atakuja Jumamosi, akishamaliza kuuza.
Ametuma ujumbe, anauliza
kama katika huo mchezo wenu mvua itanyesha kweli,
maana ikiwa itanyesha, haji na mzigo.

Sijamjibu.
Nipo hapa mlangoni, simu mkononi,
napima.